Mkono wa Kubadilishia Gia

Mwezi uliopita nilipeleka gari la ofisi kwa fundi mmoja hapa Voi, nyuma ya soko, libadilishwe oili. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikipekua simu bila kusoma chochote, mara harufu ikanifikia. Oili ya gia hunuka kama vitunguu vilivyooza ndani ya mafuta ya taa. Mtu ambaye hakukua nayo ataziba pua tu na kuendelea na shughuli zake. Mimi nilisimama, nikashika mgongo wa kiti. Niliona haya, mtu mzima na kazi yangu, kuinuliwa kitini na oili.

Upande wa pili wa gereji palikuwa na kijana aliyeleta gari la babu yake, la zamani kweli, lenye taa za mviringo na bampa ya kung'aa. Alitaka giaboksi yake ya gia nne itolewe iwekwe ya gia tano. Fundi alikuwa akimweleza gharama, kijana anakuna kichwa, na rafiki yake anamcheka kwamba pesa hizo ni za kununulia gari jingine, si za kuchezea chuma cha wazee. Walibishana kwa utani, kisha yule kijana akanigeukia, labda kwa kuwa nilikuwa nimesimama nikiwakodolea macho. "Madam, wewe unaonaje? Hiyo kitu italipa kweli?"

Nilimwambia mimi si mtu wa magari. Jibu ninalo, lakini si jibu la kumtwika mtu asubuhi akiwa na furaha yake.

Kwetu ni juu ya Wundanyi, upande wa Werugha, ambako ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi na nguo hukaa kambani siku nzima zisikauke. Babu, baba yake baba, alikuwa na gari la namna hiyo hiyo. Alilinunua kuukuu kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge kule chini, na likawa gari la kila mtu. Lilibeba wagonjwa, maharusi, maiti na kabichi, wakati mwingine maiti na kabichi siku moja. Wenzangu mliokulia milimani mnalijua gari la aina hiyo: viti vilivyopasuka vikashonwa kwa uzi wa viatu, vumbi jekundu lisilotoka hata ulioshe vipi, na mlango mmoja unaofunguliwa kwa nje tu.

Ugonjwa wake ulikuwa gia. Kuingiza namba moja kulihitaji mtu mwenye bega. Kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate ilibidi ukanyage klachi, utoe gia, ukanyage mafuta kidogo, ukanyage klachi tena, ndipo uisukume ikubali. Ukikosea, giaboksi ilipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo ya bonde, na jioni watu wangekuuliza kwa upole nani alikuwa akiendesha leo. Babu hakukosea. Na mtu wa pili ambaye hakukosea alikuwa mama.

Babu ndiye aliyemfundisha. Watu walisema sana. Mkaza mwana kukaa kiti cha mbele na baba mkwe wake, bega kwa bega, mkono wa mzee juu ya mkono wake kwenye gia, ilikuwa jambo la kuzungumziwa kisimani. Babu alijibu kwamba mwanawe anafundisha shule Taveta na huja nyumbani wikendi tu, basi siku akianguka yeye Babu na moyo wake mbovu, nani atamshusha hospitali, mbuzi?  Nyanya, mkewe, alikaa kiti cha nyuma na kikapu chake, akitazama nje. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuomba kufundishwa, enzi za ujana wake, na Babu akacheka.

Mimi nilikaa mbele kushoto, kwenye mapaja ya mtu kama kuna watu, na peke yangu kama hakuna. Nilipenda kuweka kiganja changu juu ya mkono wa mama uliokuwa umeshika gia. Fimbo ile ilitetemeka muda wote. Mtetemo ulipanda kwenye vidole vyake, ukaja kwenye vyangu, ukafika kiwikoni. Nilimuuliza Babu huko chini kuna nini. Akasema kuna mzinga wa nyuki, ndio wanaovuta gari. Babu alikuwa mtu wa mzaha, na mimi nilikuwa mtoto wa kuamini. Niliishi nikijua kwamba chini ya sakafu ya gari letu kuna nyuki.

Babu alikufa ghafla, na sitaeleza hilo kwa sababu kwa umri wake lilikuwa jambo la kawaida. Lililofuata halikuwa la kawaida. Mama alianza kuvimba. Kwanza miguu, viatu vikakataa kuingia, kisha uso asubuhi. Alikojoa mara chache, akachoka kwa kufagia tu. Walizunguka naye hospitali huku na huku, wakarudi wakisema figo zimekufa na damu yake itabidi isafishwe kwa mashine kule Voi, mara mbili kwa wiki, maisha yake yote. Mimi nilisikia neno kusafishwa, nikafikiri ni kama nguo, mtu hurudi akiwa msafi na mambo yakaisha.

Ili asafishwe, alipelekwa Mombasa wakamfungua mkono wa kushoto, wakaunganisha mishipa miwili ya damu chini ya ngozi ili mmoja unenepe uweze kuchomwa sindano kubwa. Alirudi na kovu karibu na kiwiko na masharti mengi. Mkono ule usibebe kitu kizito. Usilaliwe. Usivishwe saa wala bangili. Asimbebe mtoto. Sharti hilo la mwisho nililichukia, maana mtoto ni mimi, kaka yangu Mwakio akiwa shule ya bweni. Nilikuwa mdogo wa umbo, mwembamba, na nilikuwa nimezoea kubebwa kuliko wenzangu wa rika langu. Tangu siku ile nikawa mtu wa kutembea.

Jioni ya kwanza aliporudi nilijilaza karibu naye na kuweka kiganja juu ya kovu. Nikakitoa upesi. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa ndani, unavuma, bila kukoma. Niliuweka tena. Niliutambua mvumo ule, maana ulikuwa ule ule wa kwenye gia. Sikuuliza mtu, kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kwangu: nyuki walikuwa wamepanda fimbo ya gia, wakapita kwenye vidole vya mama, wakaingia mkononi, na ndio waliomfanya augue. Babu alikuwa akiwazuia. Sasa Babu hayuko.

Kwenda Voi na kurudi ndiko kulikotuvunja mgongo. Baba alikuwa Taveta siku za kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyolipia dawa. Mama alijaribu magari ya abiria, akarudi siku moja amebanwa mkono na gunia la viazi, ukiwa umevimba hadi begani. Kukodi teksi kila mara ilikuwa ndoto. Gari la Babu lilikuwepo uani, zima, na mama alijua kuliendesha kuliko mtu yeyote. Lakini gia hushikwa kwa mkono wa kushoto, na gia ya gari lile ilikuwa kazi ya bega. Alijaribu safari mbili tu. Ya pili alirudi akilia kwa maumivu, na daktari akamwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo ataua mshipa.

Nyanya alikuwa na shauri lake, na ukilitazama leo halikuwa la kipumbavu. Mama ahamie Voi, apangiwe chumba mtaa wa Kaloleni, atembee hadi hospitali kwa miguu. Sisi tutabaki naye Nyanya mlimani. Baba alilikubali nusu. Mama hakulikubali hata robo. Nakumbuka alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa.

"Nikihamia Voi nitakuwa mgonjwa," alisema. "Hapa mimi ni mtu anayekwenda hospitali."

Basi baba na mama wakaenda kwa Fundi Salimu, mtu wa Pwani aliyekuwa na gereji huko huko Kaloleni, mimi nikiwa nimeshika sketi ya mama. Fundi aliliendesha gari raundi moja, akarudi akitikisa bega kana kwamba limeteguka. Alisema giaboksi ile haina dawa. Meno yameisha, vipuri vyake havipatikani, na hata ikitengenezwa itabaki ngumu kwa kuwa ilizaliwa ngumu. Kinachowezekana ni kuitoa na kuweka ya gia tano kutoka kwa pikapu iliyovunjwa. Itabidi sakafu ikatwe, propela inayozungusha magurudumu ya nyuma ifupishwe, vishikizo vichomelewe upya. Kisha akamgeukia mama, na nilimpenda kwa sababu hakumwambia baba.

"Mama, nikwambie ukweli. Kwa pesa hizi, ukiongeza kidogo, wapata gari dogo lililotumika, gia zake zajibadilisha zenyewe. Na hili nikilikata, thamani yake yaondoka. Mpenda magari ya kale hatalitaka tena."

Mama alimjibu kwamba gari dogo litapasua tumbo kwenye mawe ya kwetu kabla halijafika kanisani, na mvua zikianza litalala njiani. Alisema hili analijua. Alijua linavyolalamika na linavyojikaza, na mwili wake haukuwa na nguvu za kujifunza kitu kingine.

"Sikuulizi litauzwa bei gani, fundi. Nauliza kama nitaweza kuingiza gia kwa vidole viwili."

Fundi Salimu aliutazama ule mkono, kovu na alama za sindano. Akasema ataweza.

Pesa zilitoka kwenye shamba la bondeni. Wenzangu wa milimani hamhitaji kuelezwa shamba la bondeni ni nini: kipande kidogo chenye maji mwaka mzima, ambako hata kiangazi kikikausha kila kitu unakata spinachi. Tulilikodisha kwa jirani kwa misimu mingi, akalipa yote mara moja. Babu alikuwa amechimba mifereji yake kwa mikono. Siku jirani alipokuja kuonyeshwa mipaka, Nyanya alisimama mlangoni akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Mnatoa shamba la marehemu kulisha gari la marehemu," alisema. "Na wote wawili hawatarudi."

Baada ya hapo hakuzungumza na mama. Alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, lakini kimya. Kwetu kimya cha mtu mzima ni kitu cha kuogopwa. Wazee wetu waliamini, na sisi wa kanisani tunaamini kwa siri, kwamba hasira aliyoificha mzazi moyoni hutoka yenyewe na kumtafuta mtu. Nilimuona mama akipita mbele ya mama mkwe wake kwa kujikunja, kama anayepita chini ya mti wenye tawi bovu.

Gari lilikaa gereji muda mrefu kuliko ilivyosemwa. Sehemu moja ilisubiriwa kutoka Mombasa, ikaja si yenyewe, ikarudishwa. Wakati huo wote mama alilazimika kulala Voi kwa watu, kwenye mkeka, na joto lile la Voi ambalo humnyima mtu usingizi hata akiwa mzima. Alikonda. Ngozi yake ikawa nyeusi ya majivu. Siku baba aliponichukua kwenda kumuona, tulipitia kwa fundi, na hapo ndipo nilipoikuta giaboksi ya Babu chini, imetolewa, imefunguliwa kizibo, ikimwaga oili kwenye karai. Oili ilikuwa nyeusi na ndani yake mlikuwa na vumbi la chuma linalometameta. Ndiyo harufu ile. Nilichungulia nikitafuta nyuki. Fundi Salimu akaniuliza nimepoteza nini. Nikamuuliza kama wametoka wote. Alidhani nataka kusema meno ya gia, akasema yote yametoka, hapakubaki kitu.

Basi nikajua mama atapona. Waliobaki ni wale wa mkononi tu, na hao, bila mzinga wao, watakwenda wapi?

Gari liliporudi, mama ndiye aliyelipandisha. Tulilisikia kutoka mbali na hatukulitambua, maana halikuwa likilia kwenye kona. Fimbo ya gia sasa ilikuwa imekuja nyuma kidogo, karibu na paja lake, hana haja ya kunyoosha mkono. Alituonyesha: kidole cha shahada na cha kati, mbele, nyuma, mbele. Gia ziliingia bila sauti. Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mama ana pengo dogo kwenye meno ya chini.

Kisha akazima gari, akaingia ndani, akatoka na bakuli la maji, akapiga magoti mbele ya Nyanya pale uani.   Nilifikiri Nyanya ataingia ndani amwache pale. Mwishowe alichukua bakuli, akapiga funda, akayapuliza maji, kama wazee wetu wanavyofanya mtu anapotoa hasira moyoni ili isidhuru. Aliyapuliza juu ya boneti ya gari. Akapiga funda jingine, akamwinua mama mkono wa kushoto, akaupulizia pale kwenye kovu. Akasema kwa Kidawida, lugha yetu, kwamba hana kitu moyoni, kwamba kilichokuwepo kimetoka, na kila kinachochafuka katika nyumba hii kitulie. Mama alilia. Nyanya alimwambia ainuke, magoti ni ya kanisani.

Ile miezi iliyofuata ndiyo ninayoilinda. Mama alishuka mwenyewe na kupanda mwenyewe. Alitoka ukungu ukiwa umelala barabarani, akarudi jioni taratibu, akiwa amepumzika kwanza kwenye benchi la hospitali hadi kichwa kitulie. Wakati mwingine alimpa mtu lifti kutoka Mwatate, mara nyingi mgonjwa mwenzake, na nyumbani akasimulia nani kaoa na nani kafilisika. Hatukuwa na spinachi yetu. Tulipita kando ya bonde tukitazama mboga za jirani zikinenepa kwenye mifereji ya Babu, tukanunua kwake kwa bei ya soko, na hilo liliuma. Lakini mama alikuwa mtu anayekwenda hospitali.

Kila asubuhi, kabla ya kuinuka, aliweka vidole vya mkono wa kulia juu ya kovu, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akashusha pumzi. Mimi niliamka mapema ili niweke changu baada yake. Wakati ule nilidhani tunangoja jambo moja. Leo najua kwamba yeye alikuwa akihakikisha mshipa bado unavuma, maana ukinyamaza umeziba, na ukiziba, njia ya damu kwenda kwenye mashine imefungwa. Hakuna aliyeniambia. Mtoto haambiwi mambo hayo. Kwa hiyo tulilala kitanda kimoja, mama na mwana, mmoja akiomba mkono uendelee kuvuma, mwingine akiomba unyamaze.

Mjue basi kwamba mkono uliponyamaza, gari halikuwa limemaliza hata mwaka tangu likatwe. Baada ya mkono walimwekea mpira wa kupitishia damu shingoni. Mpira ukaleta homa, homa ikatulia, ikarudi, na ya tatu haikutulia. Daktari alimwambia baba kwamba mishipa ya namna ile huziba, mingine mapema, mingine baada ya miaka mingi, na hakuna wa kusema sababu. Watu hawakutaka jibu lisilo na sababu. Baada ya maziko ndugu walikaa, kama ilivyo ada, kuangalia mambo ya nyumba, na baba mdogo akauliza mbele ya wote tulipata nini kwa kukata gari na kutoa shamba. Aliongeza kwamba giaboksi ile imezikwa pamoja na mtu.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka baba apige meza. Baba hakupiga meza, hakuwa mtu wa hivyo. Alikaa akitazama viganja vyake, na aliyejibu alikuwa Nyanya.

"Alikuwa akijipeleka," alisema. "Wewe ulimpeleka mara ngapi?"

Kikao kikaisha. Shamba lilirudi misimu yake ilipokwisha, baba akaliuza gari kwa mtu wa Maungu aliyelitumia kubebea mkaa, na kama fundi alivyosema, lilikwenda kwa bei ya vyuma. Kwa hesabu ya kalamu, hapana, halikulipa. Nikisikia watu wakipiga hesabu hiyo kwa sauti hunijia hasira ambayo hata Nyanya angehitaji zaidi ya bakuli moja kuitoa. Lakini harufu ile inaponikamata hainipeleki kwenye kikao. Hunipeleka kwenye asubuhi moja ya likizo ya Agosti, nilipokwenda naye.

Ilikuwa baridi. Mama alikuwa amechelewa kuamka na hakuweka vidole mkononi kama kawaida yake, maana tulikuwa tunakimbizana na zamu ya mashine. Alinikalisha mbele. Tulishuka zile kona kwa gia ya pili, ukungu ukipungua, joto likianza kutupanda miguuni. Tulipita Mwatate. Barabara ikanyooka, mlima wa Sagalla ukatokea kwa mbali, na mama akaweka gia ya tano, akaacha mkono wake umelala juu ya fimbo. Nikaweka kiganja juu ya kovu.

Nilingoja. Nilifikiri labda ni gari linalonichanganya. Nikasogeza kiganja juu kidogo, nikasogeza chini. Palikuwa kimya, ngozi ya kawaida, baridi kidogo, kama mkono wa mtu yeyote.

"Mama," nilisema, "nyuki wamenyamaza."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, haraka haraka, kwa furaha: mzinga wa Babu, fimbo ya gia, vidole vyake, oili kwenye karai, na Nyanya alivyopuliza maji. Alikuwa hajawahi kuyasikia. Aliendesha akinisikiliza, kisha akapunguza mwendo, akatoka kando ya barabara na kuzima gari. Aliweka vidole vya kulia juu ya kovu. Akavibonyeza. Akauinua mkono hadi sikioni, akauegemeza pale, akafumba macho. Upepo ulikuwa ukipita kwenye vichaka. Lori moja lilipita, likatutikisa, likaenda zake, naye bado alikuwa anasikiliza.

"Kweli," alisema mwishowe. "Wamenyamaza."

"Wamehama?"

Alinitazama. Nimeurudia uso ule maisha yangu yote nikitafuta ulichokuwa ukisema, na siku hizi nadhani alikuwa anachagua.

"Wamehama," alisema.

Akawasha gari. Niliimba hadi Voi. Niliimba kila wimbo wa kanisa niliokuwa nao, nilipokwama kwenye maneno nikaweka ya kwangu, na mama aliitikia viitikio. Hakutumia vidole viwili tena. Alizishika gia kwa kiganja kizima, kwa nguvu, kama alivyofundishwa na Babu.

Hospitalini aliegesha chini ya kivuli, akazunguka hadi upande wangu, akafungua mlango. Niliteremsha miguu nitembee kama nilivyozoea. Hakuniacha. Alipitisha mkono wa kushoto chini ya mapaja yangu, akaniinua, akanipakata ubavuni. Nilisikia moyo wake ukienda mbio kwa uzito wangu. Nilimkumbatia shingo. Sikuwa nimebebwa tangu alipotoka Mombasa, na nilikuwa nimerefuka, miguu ikaning'inia hadi magotini pake.

Mlangoni palikuwa na mlinzi mzee aliyewajua wagonjwa wote wa mashine kwa majina ya watoto wao. Alipotuona alisogea haraka akinyoosha mikono anipokee.

"Mama Mwakio, huo mkono," alisema. "Huo mkono haubebi."

Nikamwambia sasa unabeba. Nikamwambia mama amepona, ashike mwenyewe asikie, hauvumi tena.

Mzee yule alimtazama mama. Mama hakunishusha. Alinisogeza juu kidogo ubavuni nisiteleze, akatingisha kichwa mara moja. Mikono ya mlinzi ilibaki imenyooshwa hewani, kisha akairudisha taratibu, akanigusa shavu.

"Alhamdulillahi," akaniambia.

"Amina," akasema mama, akapita nami ndani.